Nguo za Buluu za Jirani Yetu

Mwaka jana nilirudi Bukavu kwa ajili ya arusi, na sherehe ikafanyika Miti, kwa upande wa bwana arusi. Unayajua mambo ya huko, watu wanakula mpaka wanalegeza mikanda. Baada ya nyama na ndizi wakaleta bugali na mashanza, yale maziwa yaliyoganda na kukamuliwa maji yake mpaka yakawa mazito ya kushikika kwa vidole. Nami, bila kufikiri, nikaomba sukari. Meza nzima ikanigeukia. Tantine mmoja, yaani shangazi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mapadri: "Sukari mu mashanza? Ile njo desturi ya wapi?" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshaondoka pale mezani. Sukari ile sikujifunza Ulaya, kama walivyodhani. Nilijifunza hapahapa mjini, kwa jirani yetu, kabla vita havijaja.

Tulikaa Nyawera, kwenye mteremko, nyumba ya matofali ambayo mvua ikinyesha ulisikia bati tu, hakuna mazungumzo. Baba alikuwa mtu wa ofisi, mama alifundisha shule ya msingi. Pamoja nasi alikaa koko, mama yake mama, aliyetoka Kabare, upande wa Miti, na ambaye hakuwahi kukubali kwamba mji una kitu cha kumfundisha. Ninyi wa pwani mngemwita bibi, lakini kwetu bibi ni mke, basi nitamwita koko kama tulivyomwita. Alikuwa mkali, mwenye imani, na mama mkubwa katika chama cha akina mama wa parokia. Alipoamua jambo, hata baba alitafuta kofia yake akatoka.

Jirani yetu na mume wake walikuwa Wafulani, watu wa milima ya Guinea, mbali kabisa huko magharibi. Mtaani hakuna aliyejali Guinea ni wapi. Kila Mwislamu wa magharibi mwenye kanzu pana na duka la vitambaa aliitwa Musenegali, yakaisha. Mume wake aliuza vitambaa vya bazin, na yeye mwenyewe akawa Maman Senegali kwa watoto, kwa wauza makala, yaani makaa, kwa vijana wa kona. Aliitika. Siku moja alinieleza kwa upole kwamba Senegali hajawahi kufika, nikamwambia mimi pia sijafika, tukawa tumeelewana.

Nikwambie alivyovaa, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Alivaa nguo ya pamba iliyofumwa kwa mkono, vipande vyembamba vilivyoshonwa pamoja, buluu iliyokolea yenye mistari na nukta nyeupe. Kwao waliiita leppi. Buluu ile ilitoka kwenye majani, na haikukubali kukaa kwenye nguo peke yake: ilimpaka shingoni, viganjani, na ukimkumbatia ulirudi nyumbani na shavu la buluu. Mama alinisugua kwa sabuni akilalamika. Masikioni alivaa hereni za dhahabu kubwa zilizosokotwa, na nywele zake zilisukwa kwa mistari mirefu iliyofungwa shanga za kaharabu na sarafu za fedha za zamani, nyingine za koko wa koko yake. Alipotembea zililia taratibu. Tulimjua yuko njiani kabla hatujamwona.

Na hakutoka bila kuvaa vyote. Hata kununua makala, hata kumwaga maji ya kuoshea vyombo, alitoka amejipamba. Koko alimtania juu ya ukuta mfupi uliotenganisha nyua zetu: "Leo kuna fête gani tena, maman?" Yeye alijibu kila mara kwamba kwao mwanamke hatoki nje akiwa nusu. Koko aliguna. Lakini nilimwona mara nyingi akipangusa viatu vyake kwa ncha ya kitenge kabla ya kwenda kumsalimia.

Urafiki wao ulianza na maziwa. Koko aliletewa maziwa ya mgando kutoka Miti, na siku moja akampelekea jirani bakuli. Jirani aliyapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akafumba macho, kisha akauliza ng'ombe yule anaitwa nani. Koko alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumuuliza jina la ng'ombe. Tangu hapo hawakuachana, na tangu hapo hawakuacha kugombana, maana jirani alitia sukari kwenye maziwa, na koko aliona hiyo ni dhambi ya kupeleka kwa padri.

Ah, chakula kile! Nilikuwa nikitoka shule naweka mkoba wangu mlangoni na kupitiliza. Nilimkuta ameketi chini ya veranda, mbele yake kibuyu kipana, ananyunyizia unga wa mahindi maji kidogo na kuusugua kwa viganja mpaka ukawa punje ndogo kabisa. Zilizokuwa kubwa alizirudisha, zilizokuwa sawa alizichekecha. Kisha alizitia kwenye chungu chenye matundu chini, akakiweka juu ya chungu cha maji yanayochemka, na pale vyungu vilipokutana akazungushia kitambaa kilichotiwa unga mbichi ili mvuke usitoroke. Zikiiva alizimimina, akazivunjavunja kwa mkono uliozoea moto, akazirudisha tena kwenye mvuke. Aliita chakula hicho lachiri. Siku nyingine tulikula na majani ya mihogo yaliyopikwa kwa karanga, na hapo hata koko alikubali kwamba sombe ni sombe. Lakini sahani yangu mimi ilikuwa ile ya jioni: lachiri iliyopoa, maziwa ya mgando baridi juu yake, na sukari inayosikika kwenye meno. Tulikula kwa kijiko cha kibuyu chenye mpini mrefu, tukipokezana.

Kitu kimoja kilinishangaza. Baba alipotokea, au mgeni yeyote, jirani aliacha kula papo hapo na kufunika sahani. Hakusema kamwe kwamba ana njaa, wala amechoka, wala anaumwa. Aliwahi kujimwagia maji ya moto mguuni mbele yangu, akakaa kimya, akamalizia alichokuwa akisema. Alinieleza kwamba kwao mtu analelewa hivyo, unafunika shida yako kama unavyofunika maziwa. Koko alimpenda kwa hilo pia. "Ule mwanamuke banamulea," alisema, na kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Halafu mwaka ule wa tisini na sita ukafika miezi yake ya mwisho. Mume wa jirani alikuwa amekwenda Kisangani kufuata mali, na ndege zikaacha kuja kwa utaratibu, kisha zikaacha kabisa. Upande wa Uvira tulisikia vita. Redio ikaanza kusema maneno ambayo mama aliyazima tulipoingia chumbani. Shule zikafungwa. Kwenye kona kukawa na vizuizi vya vijana wenye fimbo na mapanga, wakiwatazama watu nyuso. Wasichana warefu, wanaume wembamba, wenye pua nyembamba, walisimamishwa na kuulizwa kwao ni wapi. Walikuwa wakitafuta watu wa kabila moja la wafugaji, na walidhani wanalijua kwa macho.

Sasa mtazame jirani yetu: mrefu, mwembamba, shingo ndefu, rangi ya maji ya kunde, na rafiki wa maziwa juu ya hayo. Lakini ndugu yangu, hakuna aliyemgusa. Alipita vizuizi vile na buluu yake na sarafu zake, vijana wakasogea kando na kumwita, "Maman Senegali, habari!" Nguo ilikuwa imeshasema kabla uso haujaangaliwa. Sisi hatukuliona hilo. Tulikuwa karibu naye mno.

Koko aliona kinyume. Aliona mwanamke peke yake, mume hayupo, dhahabu masikioni, nguo inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Alihesabu kwamba hatari ni kuonekana. Mabomu yalipoanza kusikika, aliamua kumpeleka kwa ndugu zake Miti, na akaamua pia kwamba atampeleka akiwa mama wa Bukavu kama mama mwingine yeyote. Na nguo gani ingemlinda kuliko kitenge cha parokia? Mwaka ule akina mama wote wa parokia, na wa parokia nyingi za kuzunguka ziwa pia, walishona kitenge kimoja kwa ajili ya sikukuu: kijani, chenye njiwa weupe na msalaba. Nani angemsimamisha mama wa parokia anayetembea na mama mkubwa wa chama na mtoto mmoja? Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Ilichukua asubuhi nzima kumfungua nywele. Nilishika bakuli, na koko akadondosha sarafu moja moja ndani yake. Jirani hakutaka. Alisema mara moja tu, "Mama, bila hizi mimi si mtu," na koko akamjibu kwamba hizo ni vito tu, atavirudia vita vikiisha. Kwa kuwa koko alikuwa mkubwa, na kwa kuwa alilelewa hivyo, hakusema tena. Alivua hereni mwenyewe. Koko akamvalisha libaya, blauzi ya kitenge hicho, akamfunga kitenge kimoja kiunoni, akamfunga kilemba, akampa kikapu cha sombe.

Mama aliingia kutoka jikoni. Akasimama mlangoni, na uso wake ukabadilika.

"Maman, munamufanya nini?" alisema. "Muangalie. Munaona nini?"

"Naona mama wa parokia," koko akajibu.

"Mi naona mutu wenye bale vijana banatafuta."

Koko akakasirika. Alisema hakumzaa mama ili aje amfundishe, kwamba kuchelewa ndiko kutakakotuua, na akafungua mlango. Mama alitushika mikono, akatuachia. Hakuzoea kubishana na mama yake mara mbili.

Hatukufika mbali. Pale njia yetu inapokutana na barabara kubwa kulikuwa na kizuizi, na baadhi ya vijana wake nawajua, walikuwa wa mtaa wetu. Mmoja aliuza miwa karibu na shule.

"Munaenda wapi?"

"Tunaenda Miti, kwetu," koko akasema. "Huyu ni bibi ya mutoto wangu. Iko wa Idjwi."

Hakukuwa na haja ya kusema Idjwi. Nafikiri alitaka kisiwa kwa sababu kiko mbali na hakuna atakayethibitisha. Lakini kijana mmoja mama yake alizaliwa huko, akamsalimia jirani kwa Kihavu, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyempata shangazi. Jirani akamtazama. Hakuwa na neno hata moja la kumrudishia.

"Hasikie luga ya kwao?"

"Masikio yake iko mugonjwa," koko akasema.

Vijana wakaanza kusogea karibu. Ndipo koko akaona alipotufikisha, akatupa uongo wote chini. "Basi nasema kweli! Ni Musenegali! Ni bibi ya ule muuzaji wa bazin, munamujua bote!"

Yule wa miwa akamtazama jirani vizuri, kutoka kilemba mpaka miguu. Alikuwa amemsalimia kila siku kwa miaka. "Maman Senegali tunamujua, koko," alisema. "Anavalaka bleu. Ana makuta mu nywele. Huyu iko na kitenge yenu ya parokia. Unatudanganya mara ngapi?"

Jirani akasema kwa kile Kiswahili chake cha msikitini kwamba yeye ni mtu wa Guinea na mume wake yuko Kisangani. Alisema kwa utulivu, akiwa wima, bila kulia, bila kumshika mtu miguu. Wao waliona majivuno. "Ona vile anasimama," mmoja akasema, na wengine wakaitikia.

Koko akanigeukia. "Kimbia. Uambie mama yako alete manguo yake yote. Na zile hereni. Kimbia!"

Nilikimbia. Mama alichukua nguo, akamimina bakuli la sarafu katikati, akafunga, tukarudi mbio tukiwa watu wawili tusiotazama pembeni. Tulipofika, koko alikuwa ameketi chini kando ya barabara, kiatu kimoja hakipo. Sombe ilikuwa imemwagika. Jirani hakuwepo. Mama akafungua lile fungu mbele ya vijana, na leppi ikaanguka wazi, na sarafu zikalia. Yule wa miwa akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Kumbe njo yeye," akasema. "Kumbe njo yeye kweli."

Alikimbia kufuata barabara, lori la askari lililompakia jirani likiwa limeshapotea kwenye kona. Alirudi akitikisa kichwa. Hakujua wamempeleka Kavumu, au Minova, au wapi, hawakusema. Alikuwa analia, na mimi nilimchukia zaidi kwa kulia kwake. Bado namchukia, sikufichi.

Siku chache baadaye mji ulianguka. Tulikimbilia Kabare kwa miguu, na tuliporudi nyumba zilikuwa zimeshaporwa, yetu na ya jirani. Fungu la nguo halikuwepo. Hereni ningeelewa, lakini mpaka leo sielewi nani alitaka vibuyu vya jirani vya kuwekea maziwa. Leo nyumba yao imekuwa ghorofa, na lile duka la bazin wanauza simu. Miwa bado inauzwa karibu na shule. Nimewauliza vijana wa mtaani kama wanakumbuka kulikuwa na watu wa Guinea hapa, wakanijibu kwa adabu kwamba labda, mama, hapa walipita watu wengi. Nimejaribu mwenyewe kusugua unga wa mahindi jikoni kwangu. Unakuwa tope. Hakuna mtu niliyebaki naye wa kumuuliza ni maji kiasi gani.

Mume wa jirani alirudi vita vilipopita Kisangani, amekonda, kofia yake ya tarizi mkononi. Koko alimweleza kwamba walimchukua kizuizini wakiwa njiani kwenda Miti. Alinyamazia nguo. Yule bwana mwenyewe hakuuliza, kwa nini aulize, mke wake hakuwahi kutoka nje akiwa nusu. Mama alimtazama koko, akasubiri. Kwetu humwumbui mama yako mbele ya mgeni. Basi yule bwana akaondoka kutafuta mwanamke wa buluu.

Alizunguka Kavumu, akafika Minova, akavuka ziwa mpaka Idjwi. Aliporudi alituambia kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyemwona mwanamke kama huyo, na nguo ile haiwezi kusahaulika, kwa hiyo labda walimpeleka upande mwingine kabisa. Aliongea akitazama sakafu. Ndipo koko akasimama, akaingia chumbani, akakaa humo. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha pili cha kile kitenge, kile cha kujitanda, kijani na njiwa wake, ambacho tulikuta kimebaki kwa sababu hakuna mwizi aliyeona thamani yake.

"Hakuvaa bleu, papa," alisema. "Alivaa hii. Mimi njo nilimuvalisha."

Tulingoja amtukane. Koko alikuwa ameshainamisha kichwa kupokea. Yule bwana alikipokea kitenge kwa mikono miwili, akakipitishia vidole, akasema, "Asante, mama." Kesho yake akaondoka tena kwa njia zilezile.

Alikaa muda mrefu safari hii. Aliporudi hakutaka kuketi. Mama alimuuliza kama kuna waliomwona.

"Bote bamemuona," alisema. Minova sokoni walimwambia ndiyo, yuko, akapelekwa kwa mama mmoja anayeuza samaki. Idjwi wakamwambia ndiyo, akapelekwa kwenye kwaya. Kavumu wakamwambia yuko mjane mmoja, mrefu, haongei, akatembea kutwa nzima kumfuata, mwanamke akageuka, alikuwa mwingine. Hakuna aliyemdanganya. Kila mtu alikuwa amemwona mwanamke mwenye nguo ile.

Alikikunja kile kitenge vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia koko kwa mikono miwili. Koko akakipokea.